Kadi ya mtoto wa mbwa imeandikwa "AMEMALIZA CHANJO" akiwa na wiki 9. Niamini?

Mama Wawili (Kibaha) ameuliza:

Habari za jioni wakuu. Naomba wenye uzoefu na wataalamu wa mifugo mnisaidie, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Baba watoto kaleta mtoto wa mbwa, dume, kamnunua kwa mtu wa Goba. Mama yake ni German Shepherd. Baba yake muuzaji anasema ni German Shepherd vilevile, ila masikio ya huyu mtoto yanakataa. Sijali, mimi nataka mbwa wa kubweka usiku, sina haja na cheti cha ukoo.

Shida yangu ni kadi. Ni ya njano, ina mistari miwili iliyojazwa. Mstari wa kwanza una tarehe, stika ya kichupa imebandikwa, mhuri na sahihi. Mstari wa pili umeandikwa kwa kalamu tu "DHLPP", hakuna stika, na sahihi haifanani na ile ya juu. Chini yake kwa herufi kubwa: AMEMALIZA CHANJO, ARUDI BAADA YA MWAKA. Kichaa cha mbwa hakijatajwa popote. Muuzaji kapigiwa simu anasema hiyo ya kichaa "ipo ndani ya hiyo hiyo, ni tano kwa moja".

La pili linanitisha zaidi. Nyumba hii tumehamia mwezi wa tatu. Jirani ndiyo kwanza ananiambia mpangaji aliyetutangulia alikuwa na watoto wa mbwa wawili, wote walikufa ndani ya wiki moja kwa kutapika na kuharisha damu, mwishoni mwa mwaka jana. Banda ni lile lile la mabati, chini saruji. Uwanja ni mchanga mtupu na mwembe mmoja.

Mama mkwe yuko Iramba, anacheka simuni. Anasema mbwa wao walikula ugali wa mtama na mifupa, hawakuona sindano hata siku moja, na walizeeka. Nina watoto wawili, wa miaka 4 na 7, na tangu mbwa aingie hawatoki bandani.

Sasa: kweli kamaliza? Nimhamishe asikae kwenye lile banda? Na hiyo ya kichaa ni lazima kwa mbwa asiyetoka getini?

---

Chuma wa Kimara:

Dada usipoteze hela. Hao madaktari wa mbwa wa siku hizi ni biashara, kila wiki tatu "mlete tena, mlete tena". Mimi nina wawili wa kienyeji, wana miaka 4, hawajachomwa chochote, mwizi anapita upande wa pili wa barabara. Akianza kuharisha damu mpe maziwa na kitunguu saumu kilichotwangwa, asubuhi na jioni. Kimetibu wengi hicho.

---

Doki wa Mikese:

Mama Wawili, mimi ni daktari wa mifugo, nipo Morogoro, nilisoma hapa hapa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, na mpaka leo nazunguka mitaani na boksi langu la barafu. Nitaandika kirefu kidogo, na Chuma nitafika kwako pia.

Kwanza kabisa: hapana, hajamaliza. Hakuna mtoto wa mbwa anayemaliza chanjo akiwa na wiki 9, awe wa Goba, awe wa Ujerumani kwenyewe. Ratiba inaanza wiki ya 6 hadi ya 8, halafu dozi inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Kama angekuwa amechomwa moja tu, lakini moja hiyo ikawa ya wiki ya 16, ningekuwa na amani naye kuliko huyu mwenye mbili za mapema.

Sababu ndiyo watu wengi hawaelezwi, kisha wanaona daktari anatafuta hela. Mtoto wa mbwa akizaliwa ananyonya dang'a, na ndani yake kuna kinga aliyokuwa nayo mama. Kinga hiyo inamlinda wiki za mwanzo huku ikipungua polepole. Tatizo lake ni kama mlinzi mzee wa getini asiyetofautisha mgeni na mwizi: chanjo ikiingia, inapigwa nayo. Yaani ukichoma wiki ya 6 kwa mtoto ambaye mama yake alichanjwa vizuri, kuna uwezekano mkubwa umechoma maji. Na hatuwezi kujua kwa macho ni wiki ipi kinga ya mama itakwisha. Kwa mmoja ni ya 8, kwa nduguye waliyezaliwa naye siku moja ni ya 13. Ndiyo maana tunarudia, tukilenga kwamba mojawapo itakuta njia iko wazi. Ya wiki 16 ndiyo tunayoitegemea.

Katikati hapo kuna kipindi kibaya: kinga ya mama imeshuka kiasi cha kutozuia ugonjwa, lakini bado inatosha kuiua chanjo. Watoto wengi wanaoletwa kwangu wanaharisha damu wako katika kipindi hicho, na wengi wao wana kadi. Mwenye mbwa anasema "lakini alichanjwa!" Alichanjwa, ndiyo, ila safari ilikatishwa njiani.

Mstari wa pili wa kadi yako uhesabu kuwa haupo. Stika ile ya kichupa ina jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Bila stika sijui amechomwa nini. Kuna watu mitaani wanamchoma mtoto wa mbwa penstrep, ambayo ni dawa ya bakteria, wanaandika "chanjo". Kuna wengine wanachoma chanjo halisi iliyolala kwenye droo ya duka la pembejeo. DHLPP inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi kwenye ngozi ya mbwa. Sehemu kubwa ya hiyo chanjo ni virusi hai waliodhoofishwa. Wakifa kwa joto umechoma chupa ya kumbukumbu. Muuzaji akikutolea kwenye rafu, ondoka. Akikutolea kwenye friji, muulize umeme ulikatika lini mara ya mwisho na alifanya nini.

Utaitambua kwa macho pia: vichupa ni viwili. Kimoja kina kidonge kikavu cheupe kimeshikana chini, kingine kina majimaji. Vinachanganywa mbele yako, muda huo huo wa kuchoma. Bomba likija limeshajazwa tangu nyumbani, uliza maswali.

Kuhusu "tano kwa moja". Herufi za DHLPP ni distempa, homa ya ini ya mbwa, leptospira, parvo na parainfluenza ambayo ni kikohozi. Kichaa hakimo. Kichaa kina kichupa chake peke yake, na mstari wake kwenye kadi. Huyo aliyekwambia kiko ndani amekudanganya au amedanganywa.

Sasa tuje kwenye magonjwa yenyewe, nianze na lile lililopita kwenye nyumba yako. Kutapika, kuharisha damu yenye harufu kali ambayo ukiinusa mara moja huisahau, wawili kufa ndani ya wiki: kwa maelezo hayo nafikiria parvo kwanza. Ni ugonjwa mpya kuliko watu wanavyodhani. Ulianza kuonekana duniani mwaka 1978 na ndani ya miaka michache ukawa umefika kila bara lenye mbwa. Kwa hiyo mama mkwe wa Iramba hasemi uongo: mbwa wa utoto wake hawakuukuta. Ila aongeze na hesabu ya waliokufa wakiwa wadogo, maana wale hatuwakumbuki, tunakumbuka waliozeeka. Kirusi hiki hakina gamba la mafuta kwa nje, kwa hiyo sabuni haikiumizi, na kwenye udongo wenye kivuli kinakaa miezi mingi, hata mwaka. Hesabu mwenyewe kutoka mwisho wa mwaka jana.

Distempa inaanza kama mafua. Usaha machoni, puani, kikohozi, homa, baadaye nyayo zinakuwa ngumu, na wengine wanaishia kutetemeka mguu au kichwa bila kukoma, au kifafa. Kwa sisi Watanzania ugonjwa huu haukuishia kwa mbwa. Mwaka 1994 uliingia Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba wa pale, takribani simba 1,000. Baada ya hapo chanjo za mbwa wa vijijini kuzunguka hifadhi zikachukuliwa kwa uzito. Nikimwambia mtu wa Bunda kwamba mbwa wake na simba wa watalii wana ugonjwa mmoja hunitazama kama nimelewa.

Chuma, ndugu yangu, kitunguu saumu na kitunguu maji ni sumu kwa mbwa. Vinavunja chembe nyekundu za damu. Mtoto anayetoka damu nyuma, unamwongezea kinachoharibu damu iliyobaki. Maziwa nayo yanazidisha kuharisha. Akipata parvo anahitaji maji ya mshipani na daktari siku hiyo hiyo, na hata hivyo wengine tunawapoteza.

Kichaa nitakijibu kwa ufupi kwa sababu hakina mjadala: ni lazima. Mbwa hatoki getini, lakini mbwa koko anapita chini ya geti, na watoto wako wanatoka. Mwache afike miezi 3, achomwe, arudiwe baada ya mwaka mmoja, na baada ya hapo fuata kilichoandikwa kwenye chanjo na utaratibu wa halmashauri yako, wengi tunachoma kila mwaka. Ukikuta kampeni ya halmashauri kabla hajafika miezi 3, mpeleke tu, watamchoma na utarudia baadaye. Kampeni nyingi huja karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi ni bure.

---

Mama Wawili:

Doki Mungu akubariki, nimemsomea baba watoto yote mpaka ya simba, kanyamaza.

Maswali yamezaa maswali. Hiyo leptospira ndiyo ipi? Naulizia kwa sababu stoo yangu ya pumba za kuku ina panya wa kutosha kuanzisha kijiji. Na watoto wakiparuzwa au kung'atwa na huyu mtoto wa mbwa wakicheza, maana meno yake ni sindano kwelikweli, nifanye nini? Jana kamng'ata mdogo kidole, damu kidogo. Nilipaka spiriti.

---

Doki wa Mikese:

Leptospira umeshaisikia kwa jina la homa ya mgunda. Mwaka 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu walitoka damu puani, wakapoteza maisha watatu, nchi nzima ikashika roho tukidhani ni Ebola au Marburg, kumbe ni hiyo. Ni bakteria, anakaa kwenye figo za panya na wanyama wengine, anatoka na mkojo, anaingia kwenye ngozi yenye mchubuko au kupitia maji na matope. Mbwa anaipata kwa panya, na mkojo wake unaweza kuwapa wanaomsafishia banda. Chanjo yake haidumu kama ya parvo, inarudiwa kila mwaka, na mara ya kwanza lazima iwe dozi mbili. Ila chanjo haitakuondolea panya. Weka pumba kwenye pipa lenye mfuniko.

Kidole cha mdogo: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kila mara, hata kwa jeraha dogo. Spiriti baadaye. Usifunge kwa kubana, usipake majani, unga wa betri wala pilipili, nimeyaona yote hayo. Kisha mpeleke hospitali wamuone wao, usisubiri ushauri wa mtandaoni, kwa sababu mbwa hajachanjwa na hujui mama yake alichanjwa au la. Uwezekano ni mdogo kwa mtoto wa mbwa mzima anayekula na kucheza, ila uamuzi wa kuchoma au kutochoma ni wao. Mbwa mwenyewe mfungie ndani na umwangalie siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Asiuawe! Watu wanaua mbwa haraka kisha hakuna cha kuangalia.

Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, hatuna tiba. Lakini kabla hazijaanza chanjo inafanya kazi vizuri sana. Tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchoma kijana Joseph Meister kule Paris, tunajua hivyo, na bado inakadiriwa watu 59,000 wanakufa kila mwaka duniani, karibu wote kwa mbwa, na wengi wao ni watoto wa Afrika na Asia. Watoto wanang'atwa zaidi, halafu wanaficha wasipigwe kwa kuchokoza mbwa. Waambie wako hawatapigwa.

---

Mie Mpemba:

Assalaam alaykum. Nimepita tu nikaona habari ya kichaa nikaona nikae.

Kwetu Pemba mbwa hafugwi ndani ya nyumba, hilo linajulikana, na mate yake yana hukumu zake. Lakini wapo wa kuwinda na wa kulinda mashamba, na kichaa kilikuwapo miaka mingi. Mtu akisema "sisi hatuna mbwa wengi, hayatuhusu" nampa habari ya kisiwa. Wakaja watu wa mifugo na chanjo, shehia kwa shehia, mwaka baada ya mwaka. Wazee wengine walikataa kumshika mbwa, wakaitwa vijana wawashike. Kufikia 2014 kichaa kikawa kimekwisha Pemba. Watu wakapumua, chanjo zikalegea. Mwaka 2016 kikarudi, kimevuka bahari kutoka nje ya kisiwa. Wakaanza upya kuchanja, na 2018 kikaondoka tena.

Mie sijasoma udaktari, lakini nimeona kwa macho kwamba maradhi haya yanaweza kuisha mahali. Na nimeona yakirudi kwa chombo. Hivyo dada wa Kibaha, wewe uko njia panda ya magari ya mikoa yote, mbwa wanapakiwa kwenye malori wanashushwa Maili Moja. Mchome wako, na mwambie jirani amchome wake. Wataalamu husema wakichanjwa 70 katika kila mbwa 100, ugonjwa unakosa pa kupita.

Na kidole cha mtoto usikichezee. Kwetu kuna familia ilichezea, sitaki kuandika zaidi.

---

Mshika Kamba (Mwanza):

Doki kamaliza mambo ya sindano, mimi niongeze ya banda, maana ndiyo kazi yangu. Nalea mbwa wa ulinzi, na parvo tumeshapigana nayo.

Mama Wawili, gawanya eneo lako vipande viwili kichwani: saruji na mchanga. Saruji inatibika. Kwanza unatoa uchafu wote, unasugua kwa sabuni na brashi, unasuuza, unaacha pakauke. Ndiyo unaleta jiki: kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 30 vya maji, chupa mpya isiyokaa juani, mchanganyiko wa siku hiyo hiyo. Mwaga, acha ikae dakika 10 palowe bila kukauka, kisha suuza. Ukimwaga jiki juu ya kinyesi au udongo umepoteza, uchafu unaila nguvu yake kabla haijafika kwa kirusi. Zile dawa za kunukia za vyooni, nyingi haziui parvo, zinakupa harufu ya usafi tu. Na usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote, mvuke wake utakutoa mapafu.

Mabati rudia hivyo hivyo, hasa pale chini mbwa anapolamba. Bakuli za zamani, tambara, kamba alizoacha mpangaji, choma moto. Usione huruma.

Mchanga huo ndio mtihani. Huwezi kumwagia jiki uwanja mzima. Kwangu mimi huwa tunatoa tabaka la juu, tunalifukia mbali, na kukata matawi ili jua lipige chini. Mwembe wako unaweka kivuli pale pale penye banda, nadhani. Punguza matawi. Lakini hata ukifanya yote hayo, usimshushe mtoto kwenye mchanga huo hadi apite ile dozi ya wiki 16 na wiki mbili juu yake. Mlaze baraza ya nyuma au jikoni, mfundishe kujisaidia kwenye magazeti. Mbebe mkononi akaone magari, watu, pikipiki, asikue mwoga. Mbwa aliyefungiwa gizani miezi minne kwa kuogopa parvo atakuja kung'ata wageni, hilo nalo ni tatizo.

Viatu vyenu je? Mlinzi wangu mmoja alikuwa na mbwa mgonjwa kwake, akaja kazini na gambuti zile zile. Sasa tuna beseni la jiki mlangoni, na wa kulea watoto wa mbwa ana viatu vyake vya humo ndani.

Jambo la mwisho: si kila damu ni parvo. Huku Kanda ya Ziwa mbwa wengi wakubwa wanaoletwa "wana parvo" wana homa za kupe. Fizi nyeupe, mkojo wa kahawia, homa, hali chakula. Hizo chanjo ya DHLPP haihusiki nazo kabisa. Ukimchanja mbwa usimwache na kupe masikioni ukasema umemaliza.

---

Mama Wawili:

Wakuu nimerudi na majibu.

Hospitali walikisafisha upya kidole, wakaniuliza habari zote za mbwa, na mdogo ameanza chanjo. Kalia kwa ajili ya sindano kuliko alivyolia kwa mbwa. Mkubwa ndiyo akafungua mdomo kwamba naye aliparuzwa wiki hiyo hiyo, doki ulisema! Naye kaanzishiwa.

Mbwa tumempeleka kliniki nyingine kabisa, siyo ya kwenye kadi. Daktari ni dada mdogo tu, mkali. Kaangalia kadi, kakata mstari wa pili kwa rula. Kapima joto kwanza, kasema angekuwa na homa asingemchoma. Kampa dawa ya minyoo, akaeleza minyoo hiyo inaweza kuwapata watoto wangu wakishika mchanga na kula bila kunawa, kwa hiyo atarudia kila wiki mbili hadi afikishe wiki 12. Kisha kachanganya vichupa mbele yangu, kidonge cheupe na maji, nikajiona mtaalamu. Stika imebandikwa. Katuambia tusiondoke kwa nusu saa, tuangalie kama uso unavimba au anatapika. Alilala tu. Kesho yake kavimba kidogo pale pa sindano, leo kimeisha.

Ratiba yake: arudi wiki ya 12 pamoja na ya kichaa, kisha wiki ya 16, kisha akifikisha mwaka. Siku 10 za kumwangalia bado zinahesabiwa, yuko jikoni, anakula kuliko baba mwenye nyumba.

Mama mkwe nimemweleza parvo ilianza 1978. Kanyamaza kidogo halafu kaniuliza: "Na yule mbwa Simba wa babu yenu aliyekufa anatetemeka kichwa, ile ilikuwa nini?" Nikamwambia nitauliza.

---

Doki wa Mikese:

Mwambie siwezi kupima mbwa kwa simulizi, ila kutetemeka kichwa bila kukoma kunanifanya niwaze distempa. Hata kichaa hakiko mbali. Iramba ina mbwa wengi wa kuchunga, na kampeni zikifika huko apeleke waliobaki.

Huyo dada mkali wa kliniki mshike, usimwachie.

---

Chuma wa Kimara:

Doki, tuache utani. Hawa wangu wawili wana miaka 4, hawajawahi kuchomwa, na kitunguu walishakula mwaka jana, hawakufa. Wanaanzia wapi? Nao wanahitaji hizo nne nne?

---

Doki wa Mikese:

Hapana Chuma, wewe umepona gharama. Mbwa mkubwa hana tena kinga ya mama ya kugombana na chanjo. Kichaa: moja sasa, nyingine baada ya mwaka. DHLPP: moja sasa, ya pili baada ya wiki 3 au 4, hasa kwa ajili ya leptospira, kisha kila mwaka anarudiwa leptospira, na ile ya parvo na distempa akishapata ya mwaka wa kwanza inaweza kusogezwa hadi kila miaka 3. Wape dawa ya minyoo wiki moja kabla. Kama kuna jike na ana mimba, niambie kwanza kabla hujampeleka.

Na uwaandalie kamba ya kuwafunga mdomo. Mbwa ambaye hajashikwa na mgeni kwa miaka 4 hatakubali sindano kwa heshima.

---

Chuma wa Kimara:

Mmoja ni jike. Mimba sijui, nimwangalie wapi?

---

Doki wa Mikese:

Njoo sanduku la ujumbe.